Gari la zamani, miguu mibovu: Familia yenye bajeti ndogo ianzie wapi?

Kilwa. Nangurukuru ndipo safari za Kilwa huachana. Anayekwenda Lindi anaendelea na lami kusini, anayekwenda Kivinje au Masoko anakata kuelekea baharini, na anayekwenda Njinjo, Miguruwe na hatimaye Liwale anaingia upande wa bara, kwenye njia ya zaidi ya kilomita 200 ambayo kwa sehemu kubwa ni ya vumbi. Ni njia hii ya tatu inayoyafahamu vizuri magari ya familia za hapa. Noah, Probox, IST na Corolla ambazo zilishatembea miaka mingi Japani kabla ya kuja nchini huingia humo zikiwa kimya, zikatoka zinagonga.

Mafundi wana neno lao kwa ugonjwa huo. Husema gari lina “miguu mibovu”. Miguu ni vitu vyote vinavyoliunganisha bodi la gari na tairi: springi, shokapu, bushi, bolijointi, tairodi na linki za stabilaiza. Vikichoka, baba wa familia huona tatizo la gereji, lakini mama anayesafiri akiwa na mimba ya miezi minane, bibi anayekwenda kliniki ya presha na dereva mwenyewe wanalibeba tatizo hilo mwilini.

Habari njema ni kwamba kurudisha miguu ya gari la zamani katika hali nzuri hakuhitaji kununua kila kitu kwa mpigo. Kinachohitajika ni mpangilio. Familia nyingi hupoteza fedha kwa kuanza na kinachoonekana, kama kulinyanyua gari au kununua ringi kubwa, huku kitu kidogo kinachoweza kuua kikiachwa palepale.

Mtikisiko unavyoingia mwilini

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna tatizo lingine linalosababisha ulemavu kwa watu wengi kuliko hilo. Sababu zake ni nyingi, kuanzia kubeba mizigo hadi kukaa muda mrefu, na si sahihi kulaumu gari kwa kila mgongo unaouma. Lakini mtikisiko wa chombo cha usafiri ni sababu inayotambuliwa. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo yanayowataka waajiri wapime na kupunguza mtikisiko unaowapata wafanyakazi wanaoendesha mashine na magari.

Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa una mdundo wake wa asili, takribani mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Kiti kikitikisika kwa mdundo huo, mwili hauupunguzi mtikisiko bali huuongeza, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Misuli ya kiuno hujikaza bila mtu kujua ili kuzuia, na baada ya saa kadhaa huchoka. Ndiyo maana dereva aliyetoka Liwale anaweza kushuka ameinama ingawa hakubeba chochote.

Kwa mjamzito, hatari kubwa ni kishindo cha ghafla au ajali, ambavyo vinaweza kusababisha kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati. Mjamzito aliyepata kishindo kikubwa, kisha akaona damu au maji yakitoka, akapata maumivu ya tumbo au akahisi mtoto amepunguza kucheza, anapaswa kuwahi kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata asipoona dalili yoyote, mjamzito aliyepata ajali anahitaji kuangaliwa.

Kwa mwenye mgongo unaouma, dalili za kutosubiri ni mguu kufa ganzi au kukosa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, homa, na maumivu yaliyoanza baada ya ajali.

Gari la jirani likigeuka la wagonjwa

Katika vijiji vya mbali, gari binafsi si la mwenyewe peke yake. Mfumo wa M-Mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 jijini Dodoma, husafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura, na simu yake ni 115, haitozwi. Pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali, mfumo hutumia madereva wa ngazi ya jamii wenye magari yao. Hata nje ya mfumo huo, usiku uchungu ukianza, mlango unaogongwa kwanza ni wa mwenye gari.

Barabara nazo hazitabiriki. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na baadaye lami ikakamilika katika kipande cha Ndundu hadi Somanga. Safari ya Dar es Salaam iliyokuwa mateso ikawa ya saa chache. Lakini mapema Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyohiyo maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Anayeishi ukanda huu anahitaji gari linaloweza kupita kwenye mchepuko wa tope na makorongo bila kuvunjika mguu njiani.

Springi na shokapu si kitu kimoja

Makosa mengi ya matumizi huanzia hapa. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kulainisha shimo. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kudunda. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gari linapopanda na kushuka, mafuta hulazimishwa kupita kwenye matundu hayo, na nguvu ya kudunda hugeuka kuwa joto.

Kwa hiyo gari lililokaa chini nyuma hata likiwa tupu lina tatizo la springi. Gari linaloendelea kuyumba kama mtumbwi baada ya kupita tuta lina tatizo la shokapu. Na gari linalogonga “ko-ko-ko” kwenye rasta au vijishimo vidogo mara nyingi lina tatizo la linki au bushi, vipuri ambavyo ni rahisi kuliko vyote. Wapo walionunua shokapu nne mpya, mlio ukabaki.

Shokapu iliyokufa haimchoshi abiria tu. Tairi huruka juu ya barabara badala ya kuishika, na tairi iliyo hewani haiwezi kufunga breki. Gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na hapo mbuzi au mtoto anaweza kuwa amekatiza.

Ukaguzi usiohitaji fedha

Kabla ya kwenda dukani, gari likaguliwe likiwa limesimama mahali pa usawa. Kandamiza kona moja kwa uzito wa mwili, kisha achia. Linapaswa kupanda na kutulia. Likidunda mara mbili au tatu, shokapu ya kona hiyo imechoka. Chungulia pia kwenye mwili wa shokapu: ukiona mafuta yaliyoshika vumbi na kuwa tope jeusi, inavuja.

Pitisha kiganja juu ya tairi. Mabonde mabonde kuzunguka tairi huashiria shokapu au balansi. Tairi iliyoliwa ukingo mmoja huashiria bushi, bolijointi au alaimenti.

Hatua inayofuata ifanywe na anayejua, gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Tairi ya mbele ikishikwa juu na chini ikatikiswa, mchezo wowote unaelekeza kwenye bolijointi au beringi. Ikishikwa kushoto na kulia, unaelekeza kwenye tairodi. Kwa mipira ya bushi, tochi ya simu inatosha kuona iliyopasuka.

Foleni ya matumizi

Baada ya ukaguzi, orodha ya fundi igawanywe katika makundi matatu: kinachoweza kuua, kinachoharibu kingine, na kinachoumiza mwili. Fedha ziende kwa mpangilio huo, na zikiisha katikati, familia isimame hapo hadi msimu mwingine.

Kundi la kwanza ni bolijointi, tairodi na tairi. Bolijointi ikichomoka, tairi hulala na usukani haufanyi kazi tena. Hakuna dalili ya pili baada ya hiyo. Kuichomelea au kuijaza kipande cha chuma ili isigonge ni kuficha mlio tu, kwani hatari yenyewe inabaki. Kwa upande wa tairi, mwaka wa kutengenezwa husomeka ubavuni kwenye tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umezeeka na kupasuka nyufa.

Kundi la pili ni bushi na linki. Bushi ya stabilaiza mara nyingi haizidi bei ya kilo chache za mchele, lakini ikiachwa hulegeza vingine na kula tairi iliyogharimu zaidi. Kuna jambo moja la kumsimamia fundi. Bolti za bushi za mikono inayoshika tairi zikazwe mwisho, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa linaning'inia, mpira hujisokota gari linaposhushwa, na bushi mpya huchanika mapema. Fundi hahitaji kifaa cha ziada kwa hilo, ila subira.

Kundi la tatu ni shokapu, kisha springi. Shokapu zibadilishwe mbili mbili, za mbele kwa pamoja au za nyuma kwa pamoja, kwa sababu moja mpya na moja kuukuu hulifanya gari livute upande wakati wa breki na kwenye kona. Kama fedha inatosha jozi moja, ianze jozi iliyo mbaya zaidi. Kwa magari ambayo springi imezungushwa kwenye shokapu, kazi hiyo ifanywe na gereji yenye kibanio cha springi. Springi iliyobanwa kwa kamba au waya ikifyatuka inaweza kuvunja taya la fundi au kumuua.

Kazi ya mwisho ni alaimenti. Kuifanya kabla ya kubadilisha vilivyolegea ni kutupa fedha.

Kuna marekebisho mawili ya bei nafuu ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni tairi. Tairi yenye upepo ndiyo springi ya kwanza ya gari. Kibandiko cha upepo kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani hutumia kPa: 220 ni takribani 32 za kipimo cha kawaida cha vituo vya mafuta. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Gari lililofungwa ringi kubwa zenye tairi nyembamba likirudishiwa ringi za saizi yake na tairi nene hulainika papo hapo, na zile za mapambo zinaweza kuuzwa kufidia. La pili ni kiti. Sponji ya kiti cha dereva ikiwa imebonyea, fundi wa makochi anaweza kuibadilisha.

Kipi mtumba, kipi kipya

Kanuni yake ni rahisi: mpira usinunuliwe mtumba. Bushi, mauntingi na bolijointi huzeeka hata kama hazijatembea, hivyo zinunuliwe mpya. Springi za chuma zinaweza kuwa mtumba mradi zimetoka kwenye gari la aina hiyohiyo, ziko jozi, hazina ufa wala kutu iliyokula chuma. Lakini springi zisipashwe moto ili ziinuke. Moto huondoa ugumu wa chuma, na miezi michache baadaye hulala au hukatika.

Shokapu ya mtumba ni bahati nasibu. Anayelazimika kuinunua aangalie ufito wake: ukiwa na vidoa vya kutu, vitakata sili na mafuta yatavuja. Aubonyeze, unapaswa kuingia taratibu kwa ukinzani ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Ukiingia kwa urahisi kisha ukakwama, aiache.

Familia nyingi za Kilwa na Lindi huagiza vipuri Kariakoo au Ilala, Dar es Salaam, vikaletwa kwa basi. Kumwambia muuzaji “nataka shokapu za Noah” hakutoshi, kwa kuwa Noah ziko za vizazi tofauti. Atumiwe picha ya kibao cha namba ya chesisi na picha ya kipuri cha zamani. Na kipuri cha zamani kirudishwe nyumbani baada ya kazi, ili mwenye gari ajue kweli kimebadilishwa.

Vipi kuhusu kulinyanyua?

Ni swali linaloulizwa sana na wenye IST na magari mengine ya chini. Spesa zinazowekwa juu ya shokapu huongeza kimo, na kwenye njia yenye mgongo katikati zinaweza kuliokoa sampo. Lakini spesa hailainishi gari. Shokapu iliyokufa ikiwekewa spesa inabaki imekufa, ila sasa gari liko juu zaidi na linayumba zaidi kwenye kona. Kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, kimo kikizidi, draivushafti hukaa kwa pembe kali, buti zake huchanika na mchanga kuingia. Anayenyanyua anyanyue kidogo, miguu ikiwa tayari mizima, kisha afanye alaimenti.

Vivyo hivyo kwa wanaoongeza majani ya springi kwenye Hilux au Hiace ili zibebe zaidi. Likiwa na mzigo litasimama vizuri. Likirudi tupu na abiria wawili wazee, litawarusha.

Kupanga kwa misimu

Kipato cha familia nyingi za ukanda huu hakiji kila mwezi. Huja na minada ya ufuta katikati ya mwaka na ya korosho kuanzia Oktoba, pamoja na fedha ndogo ndogo za samaki na pweza. Matengenezo yanaweza kufuata kalenda hiyohiyo.

Tuseme familia ya Masoko ina Noah ya mwaka 1998, na ukaguzi umeonyesha bolijointi moja inacheza, bushi zimepasuka, shokapu za nyuma zinavuja na springi za nyuma zimelala kidogo. Mara ufuta unapolipwa, wabadilishe bolijointi, wanunue bushi na linki, wafanye alaimenti. Kati ya ufuta na korosho, gari lipunguziwe mzigo na mwendo. Korosho zikilipwa, zinunuliwe shokapu mbili za nyuma. Springi zisubiri mwaka unaofuata, kwa sababu gari lililokaa chini kidogo linaendesheka, lakini lenye bolijointi mbovu halipaswi kutoka uani.

Mpango wa namna hii ni rahisi kuutimiza ukizungumzwa mezani kuliko ukibaki kichwani mwa dereva. Mara nyingi redio mpya na vioo vyeusi hushinda bushi kwa sababu tu aliyekaa kiti cha nyuma hakuulizwa.

Chumvi, mzigo na nafasi ya kukaa

Mwambao una adui wake wa pekee. Maji ya samaki yanayochuruzika kutoka kwenye ndoo na matenga, pamoja na upepo wa bahari, hula springi, mabomba ya breki na bolti. Baada ya kubeba samaki au kupita maji ya chumvi, chini ya gari paoshwe kwa maji baridi ya kisima au bomba, si kung'arisha bodi tu.

Mzigo nao upimwe. Gunia la ufuta au korosho likikaribia kilo 100, magunia matatu ni sawa na watu wazima wanne au watano kabla familia haijapanda. Kwenye vumbi lililojikunja kama bati la paa, mwendo ushuke hadi usukani uache kutetemeka. Na kila baada ya saa mbili hivi, dereva ashuke anyooshe mgongo.

La mwisho halina gharama yoyote. Kiti kilicho juu ya ekseli ya nyuma, au nyuma yake, hurusha kuliko vyote. Kilicho katikati ya tairi za mbele na za nyuma hurusha kidogo. Kwa hiyo mjamzito, mzee na mgonjwa wa mgongo wakae safu ya katikati, wala wasipelekwe siti ya mwisho kwa kuwa walichelewa kupanda. Mjamzito afunge mkanda, ule wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, na ule wa juu upite katikati ya matiti. Watoto wakae kwenye siti na wafungwe mkanda, wasisimame katikati ya viti, na magunia yafungwe yasije yakawaangukia breki ikishikwa ghafla.